MiG-15 ya plastiki na ile ya chuma: jibu kwa msomaji wa Bukoba

Msomaji wetu wa Bukoba anaeleza kwamba amekwisha kujenga modeli moja ya MiG-15bis, ndege ya kivita ya Kisovieti, kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, na sasa ameagiza ya pili kutoka Ulaya kwa gharama ambayo hataki kuirudia. Ile ya kwanza ilikalia mkia, pua ikatazama dari. Rangi yake ya fedha iling'aa kama sufuria iliyotoka dukani jana. Na rafiki yake anayesoma uhandisi aliishika, akaizungusha mkononi, akasema tu kwamba "haiko sawa", bila kumwonyesha kosa liko wapi. Anauliza atajuaje kwamba modeli imefanana kweli na ndege yenyewe, afanye nini kuhusu uzito na rangi, na kama anaweza kuipaka alama za jeshi la anga la Uganda, kwa kuwa baba yake mkubwa aliwahi kuziona MiG pale Entebbe.

Naanza na swali la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi, nalo ni hapana. MiG za Entebbe ambazo wazee wengi wanazikumbuka, na ambazo makomando wa Israeli waliziharibu usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, zilikuwa MiG-17 na MiG-21. MiG-17 ni mdogo wake MiG-15 na sura zao zinashabihiana, lakini ukiweka rula utaona umbali wake. MiG-15bis ina upana wa mabawa wa mita 10.08 na urefu wa takribani mita 10.1, ilhali MiG-17 ina upana wa mita 9.63 na urefu wa takribani mita 11.3, yaani ndege ya pili ni nyembamba zaidi na wakati huohuo ni ndefu zaidi. Mabawa yake yamelala nyuma kwa pembe kali zaidi karibu na bodi, kila bawa lina vibao vitatu vya kuongozea hewa badala ya viwili, na chini ya mkia kuna pezi dogo ambalo MiG-15 haina. Hakuna msasa wala puti itakayoifikisha plastiki yako huko. Yanayosemwa hapa yanazihusu pia zile ndege za Kichina ambazo Jeshi la Wananchi la Tanzania lilizitumia kwa jina la F-5: hizo ni MiG-17 zilizoundwa Shenyang, na anayezitaka anunue boksi la MiG-17 tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Rafiki yako alisema modeli haiko sawa, nawe hukuweza kumuuliza "haiko sawa na ipi?", kwa sababu ulikuwa umejenga MiG-15 ya jumla, na ndege ya jumla haijawahi kuruka popote. MiG-15 ya kwanza iliruka mwishoni mwa Desemba 1947. Ikafuata MiG-15bis yenye injini ya VK-1 na breki za hewa kubwa zaidi. Poland ikaiunda kwa leseni ikaiita Lim-2, na Chekoslovakia ikaiita S-103. Katikati ya miaka hiyo vitu vidogo vilihama. Taa ya kutulia, kwa mfano, mwanzoni ilikaa ndani ya mdomo wa hewa, kwenye ukuta unaoligawa tundu hilo mara mbili, kisha katika ndege za baadaye ikahamishiwa chini ya bawa la kushoto. Mtu anayechukua mdomo kutoka picha moja, bawa kutoka picha ya pili na namba kutoka karatasi ya stika atapata ndege ambayo kila kipande chake ni cha kweli na kwa ujumla wake ni ya uongo. Kwa hiyo kabla ya kukata kipande chochote kutoka kwenye fremu ya plastiki, chagua ndege moja yenye namba yake, kisha uichagulie siku.

Mimi ningekushauri uchukue namba 2057. Tarehe 21 Septemba 1953, wiki nane hivi baada ya mapigano ya Korea kusimamishwa, Luteni No Kum-sok wa Korea Kaskazini aliruka kutoka Sunan, karibu na Pyongyang, akavuka kusini na kutua Kimpo, karibu na Seoul, akielekea upande usio wa zamu kwenye njia ya ndege huku F-86 ya Kimarekani ikitua kutoka upande wa pili. Wamarekani waliipeleka ndege hiyo Okinawa wakaijaribu kwa kina, baadaye wakaisafirisha kwao, wakatangaza kwamba mwenyewe akitaka aje aichukue, na hakuna aliyejitokeza; tangu 1957 iko mikononi mwa makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton, Ohio. Ni MiG-15bis, haina utata wa aina, imepigwa picha kila upande, na bado ipo.

Lakini hapo pana mtego, na ndiyo maana nimesema uichagulie siku. Ndege hiyohiyo ina sura tatu. Asubuhi ile ya Kimpo ilikuwa na alama za Korea Kaskazini: nyota nyekundu ndani ya duara jeupe lenye pete nyekundu na buluu, na namba nyekundu puani. Wakati wa majaribio ilipakwa nyota za Marekani na kupewa namba nyingine. Leo ukumbini imerudishiwa namba 2057, lakini rangi unayoiona hapo ni ya mafundi wa makumbusho, wala si ile iliyoshuka nayo kutoka Sunan. Kwa umbo, mpangilio wa mabamba na miguu ya magurudumu, tegemea picha za ukumbini, maana chuma hakijabadilika. Kwa rangi, uchakavu na ukubwa wa alama, rudi kwenye picha nyeusi na nyeupe za 1953. Ukizichanganya kazi za picha hizo mbili, utakuwa umejenga sanamu ya sanamu.

Michoro ya mtandaoni niiseme kwa ufupi. Mingi ni nakala ya nakala, na ile ya rangi inayoonyesha ndege kwa ubavu ni kazi ya mchoraji ambaye naye alikuwa na picha zilezile ulizo nazo. Mchoro wa mistari unafaa kwa jambo moja tu, kulinganisha umbo, na hata hapo uupime kwanza. Uchapishe bila kuiruhusu mashine iupunguze ili utoshee kwenye karatasi, kisha weka rula: kwa 1/72, upana wa mabawa lazima uwe milimita 140, na urefu wa ndege uwe karibu sawa na huo. Ni ndege chache ambazo urefu na upana wake hukaribiana hivi, na hiyo ni bahati kwako, kwa sababu mchoro uliovutwa upande mmoja utajisema wenyewe. Ukishaupata mchoro unaokubali vipimo vyote viwili, laza juu yake nusu ya bodi na bawa moja moja, ufuatishe kingo kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Tofauti ya nusu milimita iache, kwa sababu hakuna jicho litakaloiona. Tofauti inayoonekana ni ya unene wa kiwiliwili. MiG-15 imejengwa kulizunguka tanuri: injini yake ilitokana na Nene ya Rolls-Royce, ambayo kikandamizi chake husukuma hewa kwenda pembeni, hivyo injini peke yake ina kipenyo cha karibu mita 1.25. Kwa 1/72 hiyo ni zaidi ya milimita 17 kabla hujaweka ngozi ya ndege juu yake. Modeli ikiwa na kiuno chembamba nyuma ya bawa, mahali injini inapokaa, basi mtengenezaji wake alitazama picha bila kufikiri ndani mna nini. Pima unene hapo kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. Ukiukuta umepungua sana, hakuna tiba yenye faida, na ni afadhali kuuza boksi kwa mwingine. Lakini katika maboksi ya miaka ya karibuni, kama yale ya Eduard, umbo la jumla halitakupa shida, na juhudi zako zielekee kwenye mambo ninayoyataja hapa chini.

La kwanza ni unene wa plastiki, nalo ndilo kosa ambalo naamini rafiki yako alilihisi mkononi bila kupata neno lake. Zidisha kila kitu kwa 72. Ukingo wa nyuma wa bawa wenye nusu milimita ni sawa na bamba la sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Mstari wa kiunganishi uliochimbwa kwa upana wa milimita 0.15, ambao dukani tunausifu kwamba ni "mwembamba sana", ni ufa wa karibu milimita 11, na rubani yeyote akiuona huo kwenye ndege yake atarudi mesi kunywa chai. Plastiki haiwezi kumwagwa kwa wembamba wa chuma, kwa hiyo kazi yetu ni kuusaidia uongo huo usionekane pale jicho linapotua kwanza.

Jicho hutua kwenye mdomo wa hewa, kwa kuwa ndege yote ni bomba lenye tundu mbele. Kwanguo la wembe likipitishwa kwa ndani, mduara baada ya mduara, litaipunguza midomo minene ya plastiki hadi ionekane kama ukingo wa bati. Usiguse nje, maana umbo la nje ndilo sahihi. Ukuta unaogawa hewa uwe umerudi ndani kidogo, usilingane na ukingo. Hakikisha pia kwamba ukichungulia huoni upande wa pili wa chumba cha rubani: hewa hupita kushoto na kulia kwake katika mifereji miwili, na kama boksi halikukupa mifereji hiyo, karatasi ngumu iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa itatosha.

Kisha jicho huenda kwenye vile vibao viwili vilivyosimama juu ya kila bawa. Katika plastiki huwa na unene wa milimita 0.4 hivi, ambao ni karibu sentimita tatu, mithili ya ubao wa kabati. Vikate vyote vinne uvitupe. Chukua kopo la soda, likate kwa mkasi, bati lake lina unene wa karibu milimita 0.1, lisugue kwa msasa pande zote mbili ili gundi ishike, chora kibao kimoja kwa kufuatisha kile cha plastiki, na ukitumie hicho kama kielelezo cha vingine vitatu. Chimba mfereji mwembamba juu ya bawa kwa ncha ya wembe, kitumbukize kibao humo, kisha gusisha tone la supaglu kwa ncha ya sindano ya kushonea. Tazama kutoka mbele: vibao vyote viwe sambamba na mstari wa katikati wa ndege, visifuate mlazo wa ukingo wa bawa.

Na mizinga. MiG-15bis ilibeba mzinga mmoja wa milimita 37 upande wa kulia wa pua na miwili ya milimita 23 upande wa kushoto, mmoja ukiwa nyuma kidogo ya mwenzake, yote ikiwa juu ya sinia moja ambalo mafundi walilishusha kwa kapi na kamba za chuma. Kulia na kushoto hapa ni kwa rubani aliyeketi, si kwako unayeitazama pua, na nimeona modeli nzuri tu zilizogeuzwa kwa kosa hilo. Mitutu ya plastiki ni vijiti visivyo na tundu. Nenda duka la dawa ununue sindano mpya mbili za bomba: ile yenye kishikio cha kijani, namba 21, ina tundu la takribani milimita 0.51, na ile ya buluu, namba 23, ina tundu la takribani milimita 0.33. Gawanya 37 kwa 72 na 23 kwa 72 uone mwenyewe. Sijui kitu kingine kinachouzwa kwa bei ya andazi ambacho kina usahihi wa namna hiyo. Usizikate kwa koleo, zitabanwa tundu lizibe. Zikwaruze kwa tupa ndogo kuzunguka, huku umevaa miwani, kisha uzivunje taratibu, na ncha kali uzifunge kwenye chupa kabla ya kuzitupa.

Mistari ya viunganishi usiihangaikie yote. Amua ipi ni milango na ipi ni mishono tu. Flapi na ailironi (vile vipande vinavyocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa), usukani wa mkia, sinia la mizinga na kile kiungo nyuma ya bawa ambapo nusu ya nyuma ya ndege hufunguliwa na kuvutwa ili injini itoke, hiyo iache ionekane wazi. Mingine ijaze kwa praima nzito tabaka mbili tatu, uisugue hadi ibaki kivuli.

Sasa uzito. Ndege hii inasimama juu ya gurudumu la pua na magurudumu mawili makubwa yaliyo nyuma kidogo ya nusu ya uzito wake halisi, lakini ya plastiki haina injini, haina mizinga wala risasi zake, na ina mkia mkubwa unaovuta nyuma. Nawe huwezi kuweka uzito katikati ya pua, kwa sababu pua ni tundu. Nafasi iliyopo ni chini ya sakafu ya chumba cha rubani, kati ya mifereji miwili ya hewa, na upenyo mwembamba ulio juu ya mfereji mbele ya kioo. Kadiri uzito unavyokwenda mbele ya magurudumu makubwa ndivyo unavyofanya kazi zaidi: gramu nne zilizo puani huweza kuliko gramu saba zilizo chini ya kiti. Chubwi za wavuvi, ambazo kwenu Bukoba hazikosekani, zipondwe kwa nyundo ziwe bapa, zikatwe kwa mkasi, ziingie kokote. Kabla ya kufunga bodi, kamata vipande vyote kwa tepu ya karatasi, pamoja na mabawa na mkia, ukiweke kitu chote juu ya penseli iliyolazwa pale ekseli zitakapokuwa. Pua ianguke yenyewe bila kusitasita. Ikisitasita ongeza, maana rangi na puti za nyuma zitakuja baadaye kuudai uzito wao.

Juu ya gundi ya kushikia hizo chubwi nina ushahidi wa nyumbani. MiG yangu ya pili niliifunga risasi yake, yaani ile metali ya chubwi, kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala, kwa kuwa ilikuwa mezani na supaglu ilikuwa imekauka. Ilikaa kabatini miaka minne ikiwa nzuri. Mwaka wa tano mshono wa tumbo ulianza kufunguka, nikaubana, ukafunguka tena, na nilipouchungulia kwa tochi nikaona unga mweupe umejaa ndani kama chokaa. Gundi ile hutoa asidi ya aina ya siki kidogo kidogo, na ndani ya nafasi iliyofungwa asidi hiyo hula risasi, ambayo hugeuka chumvi nyeupe inayovimba kwa nguvu inayotosha kupasua plastiki. Tumia supaglu au gundi ya kuchanganya mirija miwili, uisubiri ikauke kabisa kabla ya kufunga. Na ukishashika risasi, osha mikono kabla hujagusa chakula.

Wakati wa kuunganisha mabawa, jambo la kuangalia ni kwamba yanainama. Mabawa ya MiG-15 yanashuka kwa nyuzi 2 kuelekea nchani, na nyuzi 2 kwa maneno ni kitu kidogo, lakini kwenye modeli yako ncha inapaswa kuwa chini ya shina la bawa kwa takribani milimita 2. Mabawa yaliyonyooka huifanya ndege ionekane kama kitu cha kuchezea, na mtu hataweza kusema kwa nini. Kata kadibodi ya boksi lilelile kwa umbo la mbele la ndege, pembe ikiwa imepimwa, uilaze modeli humo gundi inapokauka. Kisha pima kutoka kila ncha ya bawa hadi kilele cha mkia. Vipimo viwili visipolingana, una dakika kama kumi za kurekebisha.

Chumba cha rubani nitakipita haraka, kwani kwa 1/72 na kioo kikiwa kimefungwa kinaonekana kidogo sana. Kosa la kuepuka ni rangi ile ya kijani-buluu ambayo watu wengi huihusisha na ndege zote za Kirusi. Hiyo ni ya kizazi cha baadaye. MiG-15 ilikuwa ya kijivu ndani, na ubao wa saa ulikuwa mweusi. Kuna kitu kimoja kinachostahili subira yako: mstari mweupe wa wima ulioshuka katikati ya ubao huo. Haukuwa pambo. Ndege ikiingia kwenye mzunguko wa kuanguka, rubani aliyechanganyikiwa alitakiwa kuupeleka usukani kuelekea mstari huo ili ajue ameuweka katikati. Kata ukanda mwembamba kama uzi kutoka kwenye stika nyeupe iliyobaki, uulaze pale, na hata kupitia kwenye kioo utauona.

Tumefika kwenye sufuria. Rangi ya fedha ya modeli yako ya kwanza iling'aa hivyo, nadhani, kwa sababu ulitumia rangi ya magari, na hapo kuna matatizo mawili tofauti. La kwanza ni chembe zake: zimekusudiwa mlango wa gari unaotazamwa kutoka hatua mbili tatu, na juu ya ndege ya sentimita 14 kila chembe inameremeta peke yake kama mchanga wa pwani. La pili ni mng'ao wenyewe. Zile F-86 za Kimarekani zilizopigana na MiG-15 mara nyingi ziliachwa chuma kitupu, zikang'aa kweli, lakini MiG-15 za chuma zilifunikwa vanishi ya kinga, ambayo iliupooza mwanga na kuyafanya mabamba yakaribiane rangi. Tafuta rangi ya alumini yenye chembe laini, iliyotengenezwa kwa modeli, hata kama itabidi uagize kichupa kimoja. Usiyachezeshe mabamba kwa vivuli vingi vya fedha kama inavyofanywa kwenye F-86. Giza kidogo kuzunguka bomba la moshi na kivuli hafifu nyuma ya midomo ya mizinga vinatosha. Malizia kwa vanishi isiyong'aa sana, kiasi cha ganda la yai.

Rangi ya fedha huonyesha kila mkwaruzo, kwa hiyo kazi yake kubwa iko kwenye praima. Puliza ya kijivu, isugue kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, uchunguze mishono chini ya taa ya pembeni, uzibe, urudie. Praima ya magari inafaa ikiwa utaipuliza kavu na kwa mbali. Ikija imelowa, tina yake itailamba plastiki na kuiachia mikunjo isiyotoka. Unakaa kando ya ziwa, na unyevu ni adui wa rangi za kukauka upesi: zikipulizwa mvua ikiwa imekaribia, hutoka na ukungu mweupe. Fanya kazi hiyo kuanzia saa nne asubuhi siku ya jua, mlango ukiwa wazi na barakoa usoni, na modeli uifunike kwa bakuli la plastiki mara tu ukimaliza, kwa sababu mdudu akitua kwenye rangi mbichi hunasa.

Stika za maji zikae juu ya uso unaong'aa, la sivyo ukingo wake utaonekana mweupe chini ya vanishi. Kwa hiyo tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa litangulie, na ile iliyopooza ije baada yake. Pima namba 2057 kwenye picha ya 1953 kwa kulinganisha kimo chake na kimo cha pua, usiamini karatasi ya stika moja kwa moja, na angalia tarakimu zinaanzia umbali gani kutoka ukingo wa mdomo wa hewa.

Ukishamaliza, usimwite rafiki yako kwanza. Iweke modeli mezani karibu na dirisha, rudi nyuma hatua mbili, ukuze kwa lenzi ya simu badala ya kusogea, kwa sababu simu ikisogezwa karibu huivimbisha pua na kukuonyesha kosa ambalo halipo. Piga picha kutoka pembe ileile ya mpigapicha wa Kimpo, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe, na uziweke picha mbili sambamba. Tazama kwanza mwinamo wa mabawa, halafu unene wa mdomo, halafu vibao vinne vya juu ya bawa. Hivyo vitatu vikikubali, mpe rafiki yako modeli, kalipa na mchoro wa milimita 140, umwombe aweke kidole mahali penye kosa.